Msumari wa Namba 214

Benchi lenyewe ni gogo. Zamani lilishikilia dari chini ya ardhi, na mgodi ulipofungwa mtu akalibeba, akalipasua, akaliweka juu ya magurudumu mawili ya behewa la makaa mbele ya kibanda cha fundi redio. Hapo ndipo hukaa, kila asubuhi, watu watatu wasio na haraka ya kwenda popote. Wa kwanza ni Redio, mwenye kibanda, aliyeitwa hivyo kwa kazi yake na kwa kuwa yeye mwenyewe hana kitufe cha kuzimia. Wa pili ni Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, ila alibeba mafaili mengi kiasi kwamba anaamini sheria ilimwingilia kwapani. Wa tatu ni Taa, mchimbaji wa makaa ya mawe aliyestaafu na pafu moja na nusu. Kahawa huuzwa na Shangazi, ambaye ni mdogo kwao wote kwa miaka ishirini, lakini mwenye birika ni yeye, kwa hiyo heshima anaipata.

Asubuhi hiyo walikuwa na mengi ya kusema kuliko siku zote, kwa sababu jana yake walikwenda makumbusho. Ofisi za zamani za mgodi zilikuwa zimepakwa rangi, zikatiwa vioo na mabango, zikaitwa Makumbusho ya Makaa ya Mawe na Visukuku, na wazee waliruhusiwa kuingia bure. Hakimu aliudhika kuitwa mzee pale mlangoni, ila hakuudhika kiasi cha kurudi nyumbani.

Taa alikaa mwisho wa benchi, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti lake la kijivu. Humo mfukoni alikuwa amefumbata kibati cha shaba, cha mviringo, kilichochongwa namba 214. Jana, saa tano, kibati hicho kilikuwa kimetundikwa kwenye ubao wa makumbusho, kwenye msumari ambao haukupaswa kuwa na kitu. Taa alikivua, akakitia mfukoni, akatoka nje. Hakumwambia mtu. Katika miaka yake sabini na mmoja hakuwahi kuchukua kitu cha watu. Hata hivyo hakuwa tayari kukirudisha. Akikirudisha watakitundika tena, na wakikitundika watakuwa wamesema uongo juu ya mtu mmoja ambaye Taa alimjua kuliko alivyowajua ndugu zake.

— Mimi jana nilichokiona, alianza Redio kabla hajakaa vizuri, ni uongo. Uongo umewekwa kabatini, ukawashiwa balbu.

— Subiri kahawa kwanza, alisema Hakimu. Kesi haisikilizwi kabla ya kahawa.

— Kesi gani tena? Makaa ya mawe ndani ya kabati la kioo! Makaa, bwana! Halafu pembeni kibao: "Tafadhali usiguse." Taa, wewe makaa umeyagusa miaka mingapi?

— Ishirini na sita.

— Kwa mkono?

— Kwa mkono, kwa goti, kwa ulimi.

— Na kuna aliyekuambia tafadhali?

— Hakuna.

— Umesikia, Shangazi?

Shangazi alikuwa akimimina. Yeye hakwenda makumbusho. Mtu mwenye birika la moto hawezi kuliacha akaenda kutazama makaa yaliyozimika.

— Nimesikia. Na yule mchimbaji wao wa plastiki? Watu wanamsifu sana.

Hapo benchi zima lilipiga kelele kwa pamoja.

— Ile sanamu? Redio alisema. Ovaroli imepigwa pasi, ina mistari! Glavu nyeupe! Mashavu wamempaka rangi ya viatu, doa moja kushoto, doa moja kulia, hata mtoto anayekula chokoleti anajichafua zaidi ya vile.

— Na anacheka, Hakimu aliongeza. Nimemchunguza kwa makini. Anacheka kabisa.

— Anacheka nini mgodini?

— Huyo amekuja kukagua, alisema Taa. Jioni anarudi kwao na gari. Halafu sururu ameishika kama anapiga gitaa.

Walicheka mpaka Redio akamwagikiwa na kahawa gotini. Taa naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Kidole gumba kilikuwa kikipapasa namba zile kule mfukoni: mbili, moja, nne. Zilikuwa mpya, kingo zake kali. Kibati cha kweli kilikuwa kimelika, tarakimu zimebaki kama makovu, na kiko mahali ambapo makumbusho hayatafika.

— Na handaki? aliuliza Shangazi. Nasikia mnaingia chini kabisa.

— Chini ya nini? Redio alimwekea kikombe puani. Ni chumba cha saruji, Shangazi! Unaingia wima! Familia nzima, baba, mama, kigari cha mtoto, wanapishana. Balbu kila hatua mbili. Kuna spika imefichwa ukutani inapiga ko, ko, ko, eti nyundo. Nimeisikiliza. Ina kutu kwenye waya, inakwaruza. Hata uongo wao unahitaji fundi.

— Na feni, Hakimu alisema. Feni inavuma. Mimi nilitaka kulala.

— Njia yetu ya chini, alisema Taa, ulikuwa unalala ubavu. Ukitaka kugeuka unamwomba mwenzako ruhusa.

Mwenzake wa kumwomba ruhusa alikuwa Kinanda. Walilala hivyo miaka kumi na mmoja, bega kwa bega, mmoja akichimba na mwingine akisukuma nyuma, na Kinanda kila akiombwa nafasi ya kugeuka alikuwa akijibu, "Karibu nyumbani." Walimwita Kinanda kwa sababu ya meno yake, meupe na meusi yakipokezana.

— Mimi hayo yote nawasamehe, Hakimu alisema, akajifuta masharubu kama mtu anayejiandaa kusoma hukumu. Makosa madogo. Lakini yule mnyama! Yule mnyama siwasamehei.

Mnyama aliyesemwa alisimama katikati ya ukumbi wa visukuku, mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe: mifupa mitupu, ukubwa wa ndama aliyenona, kichwa kikubwa, meno mawili yametokeza chini. Kibao kilisema aliishi miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita na alikula majani.

— Milioni mia mbili na hamsini, Redio alisema. Nani alikuwepo akihesabu? Mimi cheti changu cha kuzaliwa kimekosewa miaka mitatu, na mama yangu alikuwa hai, amesimama pale pale mbele ya karani!

— Ushahidi wa kusikia, Hakimu alisema. Hauna nguvu mbele ya sheria.

— Na ni plasta. Nimemkwaruza na ufunguo, ukatoka unga mweupe.

— Umemkwaruza? Hakimu alishtuka. Hilo ni kosa!

— Kosa ni kunidanganya. Na eti alikula majani! Meno yale? Mtu mwenye meno yale anakwenda kununua mchicha?

— Basi mimi nitawaambia ukweli, Hakimu alishusha sauti, na Shangazi mwenyewe akasogea. Yule ni mbwa.

— Mbwa!

— Mbwa wa meneja. Yule meneja wa pili, mfupi. Si alikuwa na mbwa ambaye meno yanatoka nje? Mbwa alikufa mwaka ule wa mvua nyingi. Sasa niambieni, kuna mtu aliyewahi kuona kaburi la mbwa huyo?

Hakuna aliyewahi kuliona. Hakimu alitandaza mikono, kesi imekwisha.

— Mbwa mkubwa kama ndama? Taa aliuliza.

— Alikuwa anakula vizuri. Alikuwa mbwa wa meneja, si mbwa wako.

Taa akatikisa kichwa. Alikuwa na jambo la kusema juu ya visukuku, na lilimjia hata kabla hajaamua kulisema. Kwamba majani yale yaliyochapwa kwenye mawe ni ya kweli. Kwamba wao waliyaona kabla ya wataalamu, wakiwa wamelala ubavu, taa ikimulika dari: jani juu ya jani, mishipa yake yote ipo, jeusi juu ya jeusi. Kinanda alikuwa na desturi ya kuyasalimu. Kila siku akifika mahali pake anaangaza juu, anasema, "Hamjambo shambani?" Kisha anaanza kazi. Kibao cha makumbusho kilisema majani hayo yaligunduliwa na mtaalamu fulani mwenye kofia pana, na picha yake ipo, safi, amesimama nje juani.

— Aliyeyagundua ni sisi, Taa alisema. Yule tulimpelekea mlangoni. Hata kushuka hakushuka.

— Unaona! Redio alidakia. Mimi nasema makumbusho yale yote...

— Taa, Shangazi alimkatiza Redio, jambo ambalo hufanywa na yeye peke yake. Kikombe unakishika kwa kushoto. Tangu umefika mkono wa kulia umo mfukoni. Umeumia?

— Sijaumia.

— Basi utoe, nikupe kikombe kama watu wanavyopewa.

Taa alimtazama. Angeweza kusema ni baridi, lakini hapakuwa na baridi, na Shangazi si mtu wa kudanganywa. Akautoa mkono, akaufungua juu ya gogo. Kibati kikang'aa.

Redio alitoa macho. Hakimu alivaa miwani, akainama, akasoma namba kwa sauti, kisha akavua miwani.

— Hiki kilikuwa ubaoni, alisema. Jana. Nilikiona kwa macho yangu.

— Ndiyo.

— Umekichukua?

— Nimekivua.

— Jamani! Redio alipiga makofi. Taa ameiba makumbusho! Na mimi najisifu na ufunguo wangu!

— Nyamaza, watu wanapita, alisema Shangazi. Taa, kibati hiki ni cha nini?

Ikabidi aeleze. Alieleza huku akitazama kikombe. Ubao ule ulikuwa mlangoni pa mgodi, misumari mia tatu, kila msumari na namba yake. Asubuhi unavua kibati chako, unakivaa shingoni, unashuka. Ukipanda unakitundika. Jioni karani haulizi nani yupo nani hayupo; anatazama ubao. Msumari mtupu maana yake kuna mtu bado yuko chini, na mtu akiwa chini, hakuna anayezima taa wala kwenda kwake. Yeye mwenyewe aliitwa Taa kwa sababu hiyo, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzima yake.

— Siku dari la njia ya chini lilipoanguka, mimi nilikuwa nimetoka kusukuma behewa, alisema. Nilipogeuka hapakuwa na njia. Tulichimba siku nne. Ya tano kampuni ikaziba kwa saruji, ikasema basi. Mia mbili na kumi na nne, Kinanda, hakupanda. Msumari wake ukabaki mtupu, na sisi tukakataa usitundikwe kitu. Miaka yote hiyo. Watu wapya walikuja, karani akitaka kuwapa namba ile, tunagoma. Mgodi umefungwa, msumari mtupu. Jana naingia kule, nakuta wamemtundikia kibati. Kipya. Kinang'aa. Ameshapanda! Ametoka lini? Nani amemwona?

Sauti ilimpanda akakohoa, na kikohozi kikachukua muda wake. Shangazi alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Mimi najua kwa nini, alisema Redio.

— Hujui, alisema Shangazi.

— Najua. Hesabu. Wanataka hesabu itimie. Vibati vyote vipo ubaoni, kwa hiyo watu wote walitoka, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Mgodi salama kabisa! Ndiyo maana sanamu inacheka.

— Haitoshi, alisema Hakimu, naye akaanza kuchangamka. Tazama upande wa sheria. Kibati kikitundikwa, mtu amepanda. Akipanda, yuko kazini. Kama yuko kazini na haonekani, ni mtoro. Miaka thelathini na mmoja ya utoro! Mkimpata, anashtakiwa.

— Kinanda ashtakiwe? Taa aliuliza.

— Sisemi mimi. Sheria ndiyo inasema.

— Sheria gani?

— Ipo. Nimeibeba mwenyewe, faili la kijani.

— Ngojeni, ngojeni, Redio alisimama, na akisimama Redio ujue sasa hadithi inapaa. Na kama kweli alipanda? Hapana, Taa, nisikilize. Dari limeanguka nyuma, sawa? Mbele je? Mbele ni makaa. Mchimbaji akizibiwa nyuma anafanya nini? Anachimba mbele! Amechimba, amechimba, ametokea upande wa pili wa mlima. Ameibuka kwenye shamba la mtu. Meno unayajua yalivyo, wenye shamba wamekimbia. Basi shamba limekuwa lake. Sasa hivi ana wajukuu, ana trekta.

— Redio.

— Na wale wa makumbusho wanalijua hilo! Kibati kile amewaletea mwenyewe!

— Redio, nilimsikia akigonga, alisema Taa. Siku mbili. Ya tatu akaacha.

Redio alikaa. Hakukaa vibaya, alikaa kama mtu aliyekumbuka kwamba benchi lipo. Lakini ulimi wake haujui kutembea na breki, na ukaanza tena, kwa upole safari hii, na hilo likawa baya zaidi.

— Basi yuko huko na yale majani yake. Miaka milioni mingine atakuwa kisukuku. Watamchimbua, watamweka ukumbini, watu watalipa kumwona.

— Na kibao wataandika nini? aliuliza Hakimu, bila kufikiri. "Mnyama wa miguu miwili. Alikula majani."

Taa aligonga kikombe juu ya gogo kahawa ikaruka.

— Nyinyi mnawacheka watu wa makumbusho? alisema. Nyinyi? Wao angalau wamekaa kimya!

Wakati huo huo Shangazi alikohoa kikohozi cha kuonya. Barabarani, akivuka kuelekea kwao, alikuwa anakuja mwanamke kijana mwenye sketi ya kijani na kitambulisho cha makumbusho shingoni. Alikuwa na bahasha mkononi. Hakimu alikiona kitambulisho, akakalia kibati.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wote, kwa sauti za watu wasio na hatia hata kidogo.

— Namtafuta mzee mmoja mwenye koti la kijivu.

— Makoti ya kijivu ni mengi mjini, alisema Redio. Mwaka huu ndiyo rangi.

Mwanamke alitazama barabara yote, juu na chini. Koti la kijivu lilikuwa moja.

— Mteja wangu hana la kusema, alisema Hakimu.

— Simama, Hakimu, alisema Taa.

— Siwezi. Kiuno.

— Simama!

Hakimu alisimama. Taa alikichukua kibati, akamwonyesha mgeni kwenye kiganja wazi, na dharau yote aliyoipika tangu jana ikafurika.

— Nimekichukua mimi. Nipeleke unakotaka. Lakini kwanza uniambie, mwanangu, ni mjinga gani aliyekitundika pale?

— Ni mimi, baba.

Taa alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo.

— Ubao ulikuja na misumari mia tatu na vibati mia mbili tisini na tisa, alisema yule mwanamke. Nikadhani kimoja kimepotea njiani. Nikampa fundi achonge kingine, nikakipaka dawa ya kung'arisha. Nilitaka ubao upendeze.

— Ubao ule haukuwekwa upendeze.

— Jana nilijua nimekosea, ila sijui nimekosea nini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya yule mnyama. Nilikuona unavua kofia, halafu ndiyo unakivua kibati. Sijawahi kuona mtu anaiba huku amevua kofia. Nikakuacha uende. Leo nimekuja kuuliza.

Redio alifungua mdomo. Shangazi alimkanyaga.

Taa akamweleza, kwa mara ya pili asubuhi hiyo, na mara hii kwa ufupi: ubao, msumari, dari, siku nne, saruji. Mgeni hakusema pole haraka haraka kama watu wasemavyo ili wamalize. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

— Basi msumari utabaki mtupu. Mpaka mwisho.

— Umesema?

— Nimesema. Na kibati hiki kaa nacho, au kitupe, utakavyo wewe.

Taa alihisi kifua kikifunguka, kitu ambacho kifua chake kilikuwa kimesahau. Alishinda. Hakutarajia kushinda asubuhi, tena dhidi ya mtu mpole. Aliwatazama wenzake, na hata Hakimu alikuwa akitikisa kichwa cha kukubali, kana kwamba hukumu ni yake.

— Ila watu watauliza, mgeni aliendelea. Wataona msumari mmoja mtupu, watauliza kwa nini. Nataka niweke kibao chini yake. Daftari la kampuni nimelipekua lote, lina namba na tarehe, majina hamna. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akafungua kalamu, akaiweka karatasi juu ya gogo, akauliza: Aliitwa nani?

— Kinanda! walijibu watatu kwa pamoja.

— Kinanda, aliandika. Hilo la utani?

— La utani, alisema Taa. Kwa meno yake.

— Sawa. Na jina lake?

Taa alifungua mdomo kulitaja.

Halikuja. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mwenye nyumba aitike hodi. Akarudi nyuma kulitafuta. Asubuhi, ubaoni, karani anaita: mia mbili na kumi na tatu! Hapa. Mia mbili na kumi na nne! Hapa. Chini: Kinanda, sogea. Kinanda, nipe maji. Kinanda, geuka. Alijua kwamba Kinanda alimenya yai kuanzia upande mnene. Alijua aliogopa vyura. Alijua ana binti mdogo aliyemwita Bosi, na kwamba akicheka anashika sikio. Alikijua kikohozi chake gizani kati ya vikohozi arobaini. Jina halikuwemo.

— Lilianza na... alisema Redio, akaishia hapo. Yeye hakuwahi hata kumwona Kinanda; alimjua kwa hadithi za Taa tu.

— Mahakamani hakuwahi kufikishwa, Hakimu alisema taratibu. Angefikishwa, ningelijua.

— Yule binti je? Shangazi aliuliza. Mkewe?

— Mama Bosi, alisema Taa. Tulimwita Mama Bosi. Alirudi kwao.

— Kwao wapi?

Hilo nalo Taa hakulijua. Aibu ilimpanda kutoka magotini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiitukana kampuni kwamba iliwaita kwa namba. Asubuhi nzima alikuwa amecheka glavu za sanamu. Na alikuwa tayari kupelekwa polisi kwa ajili ya msumari wa mtu ambaye hakuwahi, hata siku moja, kati ya siku zote zile za kulala bega kwa bega, kumuuliza: wewe hasa ni nani?

Mgeni aliinua kalamu, akaacha nafasi.

— Si kosa lako, alisema Hakimu. Mgodini wote mlikuwa hivyo. Na mtu ni mtu, jina ni mapambo tu.

— Redio, alisema Taa.

— Naam.

— Tumekaa kwenye gogo hili miaka mingapi?

— Kumi na minne. Wa kumi na tano huu.

— Kila siku?

— Ukitoa siku ya mvua.

— Mimi naitwa nani?

Redio alicheka. — Wewe? Wewe si... Akamtazama Hakimu. Hakimu akavaa miwani, akaivua. Wakamtazama Shangazi. Shangazi akainua birika amwongezee kila mtu, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, na halikutoa kitu.